Mbuzi wa Stesheni

Jumapili, 10 Novemba 2024

Mkanda namba nne umepotea. Umepotea kati ya Jumatano ya mvua ya kwanza na leo baada ya misa ya pili, nilipofungua sanduku la bati mbele ya watu walioshajaa kwenye banda langu la picha nikakuta kopo lake jepesi. Kopo lipo, mkanda haumo.

Naandika ili baadaye mtu asije akaniambia nimechanganya. Mikanda ni saba. Niliipata parokia ilipokuwa inabomoa stoo ya zamani. Watu waligombania mabati na mbao, mimi nikaomba makopo ya filamu na projekta iliyokufa. Walinicheka. Projekta niliifufua mwenyewe kwa mota ya cherehani. Kila mkanda ni katuni moja ya kizamani, nyeusi na nyeupe, haina sauti, imechorwa kwa mkono kabla mama yangu hajazaliwa. Dakika sita au saba, imekwisha.

Namba nne ndiyo mbuzi wa stesheni. Mbuzi ameajiriwa kulinda stesheni, amevaa kofia ya kazi, miguu yake haina mifupa, inapinda kama mpira wa baiskeli. Njaa inamshika. Anakula tiketi, anakula bendera, anakula kengele (tumbo linaanza kulia lenyewe), halafu anakula reli, anazivuta kama tambi. Treni inatokea. Mbuzi anakimbia mbele yake huku anazitapika zile reli, na treni inapita juu ya reli hizo salama. Mwisho anaukamata moshi, anaupanda kama ngazi, anatoka nje ya picha. Kofia inabaki.

Vicheko kumi na vinne kwa dakika sita. Nimehesabu mara nyingi, haviongezeki wala havipungui, awe Mpimbwe, Msukuma au Mrundi, wote wanacheka palepale. Filamu za ngumi ninazoonyesha siku nyingine zina saa mbili na vicheko vitatu, na kimoja ni cha mtu aliyekanyagwa gizani.

Leo nimeonyesha sita. Wakauliza mbuzi yuko wapi. Nikasema anaumwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeirudia Jumatano kichwani. Bati lilivuja juu ya sanduku. Niliitoa mikanda yote kwenye makopo nikaitandaza kwenye mkeka ipate hewa, maana mkanda ukifungiwa na unyevu unaanza kunuka siki, na ukishanuka siki ndiyo basi. Nikaenda dukani kutafuta misumari ya bati. Bandani nilimwacha Kabula, anayekaa mlangoni na ndiye anayemsemea mbuzi wakati picha inakwenda, pamoja na mdogo wangu Josephat. Josephat alikuwa ametoka Kasansa kuchukua mbegu na boksi lake la tepu mbovu za video. Kila Novemba namwekea. Ndege wakianza kushuka kwenye mpunga anazivuta juu ya majaruba, vile vitalu vya mpunga, upepo ukizipiga zinalia na kumeta, ndege wanakimbia. Wenye mpunga wote wanafanya hivyo, na mimi tepu za video siku hizi hazina kazi nyingine kwangu.

Niliporudi, Josephat alishaondoka kuwahi gari, na Kabula alisharudisha mikanda kwenye makopo.

Leo nimemuuliza.

"Kabula, ulirudisha mikanda mingapi?"

"Niliyoikuta."

"Mingapi?"

"Mama Scola, mimi nilikuwa nakinga maji kwa sufuria, huku nafunika makopo. Nani ana muda wa kuhesabu? Niliyoikuta ndiyo niliyorudisha. Kama mbuzi amepanda moshi, mimi nimshike mkia?"

Majibu ya Kabula ndiyo hayo siku zote, na watu wanalipia kuyasikia. Leo hayakunifurahisha.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua. Watu wachache. Hakuna mbuzi.

Jumamosi, 23 Novemba

Yupo mtu mwingine wa kumfikiria. Anaitwa Hezron, wa Dar, anakusanya katuni za zamani. Alikuja Oktoba baada ya mtu kurusha picha za banda langu mtandaoni. Mtu mpole, anashika mkanda kwa ncha za vidole kama anamshika kifaranga. Aliangalia alama ndogo za pembeni mwa kila mkanda kwa kioo cha kukuzia na kuniambia umri wake. Sita kati ya saba anazifahamu, nakala zake zipo kwa wakusanyaji wenzake, kwingine zimepona vizuri kuliko zangu. Alipofika namba nne aliurudia kwa kioo mara tatu.

"Mama, huyu mbuzi simjui."

"Sisi tunamjua."

"Hapana, namaanisha hayumo popote. Mwanzo wenye jina umekatika, kwa hiyo sijui nani alimchora. Nimekusanya miaka ishirini, sijawahi kumsikia. Inawezekana ni huyu tu duniani."

Alitaka kuununua. Nilikataa. Kitu kikiwa kimoja duniani na kiko hapa kwetu Makanyagio, kwa nini kihamie Dar? Tukakubaliana kwamba mvua zikiisha atakuja na mashine yake, atanakili picha moja moja, mkanda wenyewe ubaki kwangu.

Leo nimempigia. Nimemwambia umepotea, nikanyamaza nisikilize atakavyopumua. Halafu akauliza kama nimeangalia panya. Mwizi angeniuliza habari za panya? Sijui. Mtu mwerevu angeweza.

Jumapili, 8 Desemba

Leo Kabula kafanya kitu. Watu walikuwa wanapiga miguu chini wakidai mbuzi. Kabula akatoka mlangoni, akasimama mbele ya projekta inayotoa mwanga mtupu, akaweka vidole viwili kichwani, na kivuli chake kikaonekana ukutani na pembe.

Akamfanya mbuzi mzima tangu mwanzo. Akala tiketi. Akala bendera. Kwenye kengele akageuka ubavu na kupiga tumbo, ngo, ngo, na akasema kwa sauti ya mbuzi, yaani Kiswahili chake chenye Kisukuma kilichokolezwa makusudi, "Nyie abiria, treni imechelewa, msinitazame hivyo, nami nina watoto." Kwenye reli alivuta kitenge chake kiunoni kidogo kidogo, akawa anakimeza.

Nilihesabu. Kumi na vitatu. Kilichokosekana ni kile cha kofia inayobaki mwishoni, kwa sababu hakuwa na kofia.

Kila kicheko anajua kinapokaa, kwa sekunde. Usiku nikawaza kwamba mtu anayejua hivyo ndiye anayejua thamani ya mkanda.

Alhamisi, 26 Desemba

Krismasi imepita. Josephat hakuja, anapandikiza mpunga. Amesema mvua ni nzuri.

Jumapili, 12 Januari 2025

Kabula ana simu mpya, kubwa, ya kioo. Nimeiona mlangoni.

Jumapili, 19 Januari

Niandike hili kama lilivyotokea.

Baada ya onyesho watu walikuwa bado wanatoka. Nilimuuliza Kabula simu ameipata wapi. Alisema kaka yake kauza ng'ombe, akamletea. Nikamuuliza kama Hezron ana namba yake. Akasema anayo, alimpa mwenyewe Oktoba, kwa sababu Hezron alitaka kumrekodi akimsemea mbuzi.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba mtu ameipenda sauti yangu? Ungeniambia niache kuringa, nikafagie."

Nikamuuliza, mbele ya hao waliokuwa wanatoka, mkanda aliutolea wapi, mlango wa mbele au wa nyuma.

Hakupiga kelele. Alichukua kiti chake cha mlangoni, kwa kuwa kiti ni chake kweli, alikuja nacho. Akasema, "Mama Scola, mimi nikiiba, naiba ng'ombe. Ukoo wangu hauna mtu wa kuiba mbuzi wa kuchora." Watu walicheka. Halafu akaondoka na kiti kichwani.

Jumapili, 2 Februari

Nimemsemea paka wa namba mbili mwenyewe. Vicheko vinne. Kawaida yake tisa.

Jumapili, 16 Februari

Vitatu. Mzee mmoja kaniambia ninasema kama natangaza matangazo ya ndoa kanisani.

Nimekaa na mikanda sita mchana wote, nimeitazama kwa macho ya Hezron. Namba mbili, paka anang'oa mkia wake na kuutumia kama ndoano. Namba sita, nyumba inapiga chafya na wenye nyumba wanatokea dirishani. Ukiifikiria ni upuuzi. Lakini aliyechora alichora paka huyohuyo mara elfu sita na zaidi, kila mara tofauti kwa unywele mmoja, ili mkia utoke kwa dakika chache. Mimi nilianza na kuuza karanga kwa kipimo cha kizibo. Kazi ya namna hiyo naielewa. Ndiyo maana nilichukua makopo, nikaacha mabati.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kila siku, umeme unakatika. Josephat kapiga simu. Ndege wameanza, anataka tepu nyingine.

"Boksi zima limekwisha?"

"Zipo, ila kuna nyingine hailii."

"Hailii vipi?"

"Hailii tu, dada. Kama huna, basi."

Nikamwambia sina. Akasalimia watu wa nyumbani, akakata.

Jumapili, 30 Machi

Watu kumi na mmoja bandani. Wanne walikuja kukimbia mvua.

Jumamosi, 26 Aprili, Kasansa

Nimekuja kumsaidia Josephat siku mbili tatu kulinda mpunga, umeanza kugeuka rangi. Barabara imekatika mara mbili, nimefika na matope mpaka magotini.

Nilitoka kwenda shambani na wifi yangu Lucia. Majaruba yote yamefungwa tepu, kutoka mti hadi mti, zinalia kweli, mlio mmoja mrefu unaoingia kwenye meno. Isipokuwa jaruba la mwisho, la karibu na mfereji. Pale palikuwa kimya. Mkanda wake ulikuwa mpana zaidi, mgumu, una matundu pembeni. Na ndege walikuwa wametua juu yake kwa mstari.

Nilikwenda nikaushika, nikauinua kwenye jua.

Sehemu kubwa mvua imeshaila. Picha zimelainika na kubanduka kama ngozi ya juu ya maziwa, umebaki ukanda mtupu unaoonyesha mbingu. Lakini pale ulipopita chini ya kamba ya mkonge na kujificha na mvua, palikuwa na picha. Mbuzi mdogo kuliko ukucha, mdomo wazi. Mbuzi mwingine, mdomo wazi zaidi. Mwingine. Bendera iko katikati ya meno.

Josephat alikuja na jembe begani.

"Huo, dada, haulii," akasema. "Tepu inasema vuuu. Huo unakaa tu kama kamba ya kuanikia nguo. Ndege wanapumzikia hapo."

"Unajua hiki ni nini?"

"Ni ile nyingine niliyokuambia."

"Josephat. Ni nini?"

"Kilikuwemo kwenye boksi. Mimi boksi nililibeba, sikulipekua. Kwani umekuja kulinda ndege au kuhoji watu?"

Lucia, ambaye hana ubaya ila mdomo wake hauna breki, akasema, "Si upo mwingine ndani, baba. Ule uliopandisha juu."

Tukarudi nyumbani. Lucia akapanda kigoda, akatoa darini kifurushi. Nailoni ya mbegu, safi, imekunjwa mara mbili, imefungwa kwa uzi wa mkonge na kuning'inizwa mbali na panya. Ndani, gurudumu la mkanda na mita kama kumi na saba zilizobaki zimezungushwa vizuri. Hazina hata vumbi.

"Watoto walikuwa wanautazama juani," Lucia akasema. "Wakawa wanaugombania, baba yao akawanyang'anya."

Josephat alikuwa anakwangua tope kwenye jembe.

Nimepiga hesabu kwa mwanga wa simu. Mkanda huu unapita picha kumi na nane kwa sekunde. Kilichobaki kwenye gurudumu ni dakika mbili na kitu, na ni mwisho wake, reli zikitapikwa na moshi ukipandwa. Vipande vya shambani vinavyosomeka ni sekunde kumi na moja. Mwanzo, yaani tiketi, kengele na reli kama tambi, umekwenda na maji ya mfereji.

Sasa jambo ninaloligeuzageuza kichwani. Mbuzi huyu mimi na Josephat tulimwona mara ya kwanza hapahapa Kasansa, ukutani mwa kanisa la kigango, padri alipokuja na jenereta. Josephat alikuwa mdogo, nilikuwa nimembeba mgongoni. Kwenye kengele alicheka mpaka akanikojolea. Hata alipokuwa mkubwa, tukikutana kwenye misiba, alikuwa ananipigia tumbo, ngo, ngo, ili tu nikose adabu mbele za watu. Jambo hilo hasahau aliyekojoa wala aliyekojolewa.

Na boksi la tepu lilikuwa mlangoni. Mkeka wa mikanda ulikuwa ndani, nyuma ya viti.

Jumapili, 27 Aprili, Kasansa

Nimemuuliza tena baada ya ibada. Amesema mpunga mwaka huu utakuwa mzuri kama mvua itakata vizuri.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda kwa Kabula. Anauza mihogo ya kuchoma njia ya stesheni, amekalia kiti kilekile. Nilimwambia umepatikana, ulikuwa kwenye majaruba ya mdogo wangu. Nikamwambia nilikosea.

Aligeuza mihogo yake yote kwanza.

"Kwa hiyo nyie Wapimbwe mlimfunga mbuzi wangu shambani awalindie mpunga."

"Ndiyo."

"Na akashindwa kazi."

"Ndege walikuwa wanatua juu yake."

Alicheka mpaka akaweka chini koleo. Halafu akaacha. Akasema, "Samahani yako nimeipokea, ikae hapo. Lakini mimi nilitajwa mlangoni, watu wakisikia. Mpaka leo mtu akinunua muhogo ananiuliza mbuzi nimemuuza Dar kwa bei gani. Wewe ukisema sio mimi, watasema tumepatana. Nataka mdomo wa aliyechukua ndio useme. Alichukua akijua, au alibeba kama takataka. Nikishasikia, nitakaa mlangoni kwako."

"Na kama hasemi?"

"Basi mnaye mbuzi wa dakika mbili. Atawatosha."

Jumapili, 11 Mei

Hezron atafika Jumapili ijayo na mashine. Nimemwambia hali ilivyo. Akaniomba vile vipande vya shambani pia nisivitupe, hata vilivyofutika. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Anachoweza kunakili ni zile dakika mbili, lakini kama Kabula atakubali kusimama kwenye mwanga na kumfanya mbuzi kuanzia tiketi mpaka reli, atamrekodi na kumuunganisha na picha zilizobaki. Ndiyo njia pekee ya mbuzi huyu kuwa na mwanzo. Duniani hakuna mwingine anayeujua kwa sekunde.

Nilimshuku mtu huyu miezi kadhaa kwa sababu ya upole wake.

Jumanne, 13 Mei

Mvua imekata. Josephat hapokei simu. Lucia amepokea, akasema yuko shambani, halafu nikamsikia Josephat akikohoa hapohapo.

Jumatano, 14 Mei

Nimemtumia ujumbe. Nanakili hapa neno kwa neno, asije akasema haukufika.

"Josephat, mdogo wangu. Sikudai mkanda, umeshaharibika, wala sikudai mpunga wako. Kama ulibeba bila kujua, basi ni hasara kama ya bati kuvuja, nitaikubali na hutasikia neno. Kama uliutoa kwenye mkeka kwa mkono wako ukijua ni yeye, ukitaka ukae naye nyumbani kwako kwa sababu mimi ninaye kila Jumapili na wewe huna, hilo pia naweza kulisikia, kwa kuwa ile nailoni niliiona ilivyofungwa. Ila sikuelewi ulivyokaa kimya, Kabula akibebeshwa jina la mwizi, nawe ukinipigia simu kuomba tepu. Usinijibu habari za mvua. Usimpe simu Lucia. Kabula atakuwa amekaa hapa kwangu na simu nitaiweka sauti ya juu, na majirani nimewaita. Nataka neno moja. Siku ile ulipoinama kwenye mkeka, ulijua ni mbuzi wa stesheni, ndiyo au hapana? Nasubiri simu yako mpaka Jumamosi hii, saa sita mchana."